Kumwinua Mwaitu

Jumatatu, 4 Agosti

Kilo themanini na mbili na nusu. Nimepanda mizani ya ndengu pale stoo ya soko, kabla watu hawajaleta magunia. Mwenye stoo anaitwa Mutua na hana adabu. Ananiita gunia lake la Jumatatu. Nilimwambia asome namba anyamaze.

Chai ya rangi bila sukari asubuhi. Kabichi mchana. Jioni maji moto na ndimu. Njaa inauma lakini nimeizoea.

Mwaitu, mama yangu, nilimwosha saa kumi na mbili, nikambadilisha, nikamwinua, nikamkalisha nje kwa jua. Ndiyo kazi yangu tangu kiharusi kimpige mwaka jana na mimi nikafunga kibanda changu cha nguo mjini Wote nikarudi hapa Kanyangi. Upande wa kushoto umekufa, ulimi umekuwa mzito, lakini macho yake bado yanahesabu kuku. Jua la asubuhi ndiyo raha pekee iliyobaki. Asipotolewa nje hali chakula. Anafunga mdomo kama mtoto na huwezi kumlazimisha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeangalia tena ile picha ya harusi ya Makindu. Mpwa wa mume wangu alikuwa anaolewa, sisi wanawake tumepangwa nyuma. Nilitafuta uso wangu kwanza nikaukosa. Kumbe mimi ndiye lile tangi la maji lililovaa kitenge. Najichukia kwa hiyo picha. Sijui kwa nini siifuti.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimedanganya kanisani.

Kulikuwa na chakula baada ya ibada. Wali, nyama, chapati. Nikakataa. Mama mchungaji akashika sahani akanisukumia, akauliza kama ninaringa. Nikasema nimefunga. Akauliza nimefunga kwa ajili ya nini. Mdomo ukajibu wenyewe: nafungia mwaitu, Mungu amrudishie mguu.

Woi. Ibada ya jioni mchungaji akanisimamisha mbele. Siku ishirini na moja, akasema, binti huyu anafungia mama yake siku ishirini na moja. Watu wakapiga makofi. Kuna mama mmoja alilia. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kusoma. Sehemu yangu moja ilifurahi. Sasa hakuna mtu atanisukumia chapati.

Alhamisi, 14 Agosti

Sabini na tisa! Nikirudi kibandani hawatanijua.

Kizunguzungu mtoni. Nilikuwa nimeinama kwenye kisima cha mchanga nachota na kikombe, nikaona giza. Nikakaa. Nikamwaga nusu ya mtungi ndiyo niweze kupanda ukingo. Syombua jirani alinipita na mtungi mzima mgongoni, lita ishirini, mukwa, kamba ya kubebea, kwa paji la uso, na anaimba. Ana miaka hamsini na sita. Aliniuliza ninakula nini. Nikamwambia nimefunga. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akaenda zake.

Kumwinua mwaitu kumekuwa kugumu. Asubuhi mikono ilitetemeka. Yeye pia ameona.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwangusha.

Nitaandika yote. Baba Mutanu, mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Wote kuniona, ameleta unga na machungwa. Alikaa jikoni, mbali na nyumba ya mwaitu, vile mkwe anatakiwa kukaa. Mimi nikaingia kumtoa mwaitu nje. Nikamshika kwapani, nikavuta, akasimama na mguu wake mmoja. Halafu magoti yangu yakaisha. Hayakuuma. Yaliisha tu. Tulianguka wote wawili na yeye akawa chini, na nyonga yake ikapiga sementi. Nilisikia.

Leso ikamtoka. Alilia sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mtu.

Baba Mutanu alikuja mbio akafika mlangoni akasimama. Kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani. Ni nthoni, heshima yenyewe, na hao wawili wameilinda miaka kumi na tisa. Mwaitu akiwa pale chini, uchi, kwa nusu ya mdomo akasema, "Asiingie." Nikamwambia mwaitu, mwache akuinue. Akasema tena, "Asiingie." Mume wangu ana mikono ya kubeba injini ya gari. Akageuka akatupa mgongo, akashika fremu ya mlango, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nilijaribu mara tatu. Sikuweza kumwinua mama yangu. Nikamfunika, nikakimbia kwa Syombua, mashamba mawili, nikianguka na kuinuka. Tuliporudi alikuwa ameacha kulia. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumapili, 17 Agosti

Kitui, hospitali. Nyonga imepata ufa. Hawatampasua kwa sababu ya presha na moyo. Alale wiki sita bila kusimama.

Daktari aliuliza imekuwaje. Nikasema aliteleza.

Hakuteleza.

Jumatano, 20 Agosti

Wamama wa kanisa wamekuja wodini. Wanasema shetani amekasirishwa na mfungo wangu ndiyo maana akampiga mwaitu. Nisikate tamaa. Niongeze siku saba. Wakaniwekea mikono kichwani wakaomba kwa nguvu mpaka nesi akaja.

Nami nikasema amina. Ninatamani ardhi inimeze. Mwaitu alikuwa ameamka, alikuwa ananiangalia mimi, hakufumba macho kwa maombi.

Jumatatu, 25 Agosti

Syombua amekuja Kitui na bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na maharagwe, amelifunga kwa leso, bado la moto. Akaniambia kula. Nikamwambia mfungo. Akakaa kwa benchi, akaniambia, "Mwende, mimi nimezika watu wawili. Najua mtu anayefungia mgonjwa anavyokaa. Wewe hukai hivyo."

Nikamwambia yote. Mizani, picha, kabichi, uongo. Nilitegemea atanipiga kofi. Alicheka kidogo, akaacha. Akasema, "Basi kula. Mungu hukumdanganya. Umetudanganya sisi."

Nikala bakuli lote nikiwa nalia, kamasi na maharagwe pamoja. Sioni aibu kuandika hivyo.

Jumanne, 2 Septemba

Tumerudi nyumbani. Mwaitu yuko kitandani na mto kati ya miguu. Haruhusiwi kukaa. Dirisha lake linaangalia ukuta wa jikoni. Nimejaribu kusogeza kitanda, jua halifiki.

Uji vijiko vitatu. Akafunga mdomo.

Alhamisi, 4 Septemba

Syombua ameanza kunifundisha. Anasema sijui kubeba, na ni aibu Mkamba mzima hajui kubeba, Wote imeniharibu. Alichukua gunia, akatia mchanga wa mto debe moja, akasema huyu ni mama yako. Sikupenda. Lakini nilimwinua.

"Si na mgongo! Na matako! Mungu alikupa hayo matako kwa nini?"

Kwanza kumkaribia, kifua kwa kifua. Miguu iachane. Kuchuchumaa. Kushika chini. Kusimama polepole. Mara kumi. Nilitapika nyuma ya choo.

Mayai mawili asubuhi. Ndengu na chapati mchana. Usiku isyo, mahindi na maharagwe, sahani ya kujaa. Ninakula kama dawa. Kuna sauti kichwani inayohesabu kila kijiko na ninaitukana.

Jumamosi, 13 Septemba

Debe moja na nusu. Mapaja yanawaka. Asubuhi ninakaa kwa kigoda na kusimama bila kushika kitu, mara thelathini. Wiki iliyopita ishirini ilikuwa inanitoa roho.

Nilipita sokoni. Mutua akaita kutoka stoo, gunia langu la Jumatatu limepotelea wapi. Nikamwambia limepata kazi. Sikupanda. Nilitaka kupanda. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko inavyofaa.

Baba Mutanu amenitumia trei mbili za mayai. Hajasema neno juu ya siku ile. Kwa simu anauliza, "Mama anaendeleaje," na sauti yake inakatika kwa neno la mwisho.

Mwaitu vijiko viwili. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamkasirikia. Anaangalia ukuta.

Jumapili, 21 Septemba

Njia ya mwongo ni fupi na mimi nimefika mwisho. Leo nimesimama kanisani wakati wa ushuhuda. Walidhani nitamshukuru Mungu. Nikasema: sikufunga kwa ajili ya mama yangu. Nilikuwa nataka kukonda. Nikadanganya, mkanipigia makofi, nikakosa nguvu, nikamwangusha. Shetani hakuwepo. Nilikuwa mimi.

Mtoto alilia nyuma. Mama mchungaji akaanzisha wimbo, na wengine wakaimba bila kuniangalia. Nje walinisalimia wawili tu.

Nikarudi nikamwambia mwaitu pia. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Ilimchukua muda kupanga maneno. Akasema, "Nilijua." Nikalia. Akatafuta kichwa changu na mkono wake mzima akakipata. Akasema, "Ungekula tu."

Ni hayo tu. Ungekula tu. Afadhali angenilaani.

Jumanne, 23 Septemba

Madebe mawili ya mchanga! Nimemwinua huyo mama wa gunia, nimezunguka naye nyumba nzima, nimemkalisha kwa kiti cha nje bila kumbwaga. Syombua alipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Mikono yangu imekuwa na mistari. Nguo za juu zinabana mabegani na sijali. Yaani, ninajali kidogo.

Niko tayari. Zimebaki siku chache.

Mwaitu kijiko kimoja. Amekubali maji.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kitui. Picha ya mfupa ni nzuri. Daktari anasema mfupa umeshika, akalishwe, atolewe nje. Wakati wa kuondoka akaniita pembeni. Akauliza anakula vipi. Nikamwambia akiona jua atakula. Daktari alisema sawa, lakini alisema polepole.

Sikumwambia siku ile kwamba hakuteleza. Leo nimemwambia. Akasema aliona kwenye michubuko yangu tangu mwanzo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo.

Niliamka mapema. Nikala mayai matatu. Syombua alikuja kusimama karibu, ikiwa nitashindwa. Nikamwosha mwaitu, nikamvalisha, nikamfunga leso mbili na kukaza fundo. Nikamwambia tunaenda nje. Akanyanyua mkono wake mzima akaweka shingoni kwangu.

Kifua kwa kifua. Miguu iachane. Nikachuchumaa, nikashika chini, nikakaza tumbo, nikavuta pumzi ya madebe mawili.

Nusura nimrushe.

Alikuja juu kama nguo zilizokaushwa. Nilirudi nyuma hatua mbili kwa sababu nguvu yangu haikupata kitu cha kukamata. Nikasimama naye katikati ya chumba. Niliusikia mfupa wa bega lake kwenye shingo yangu. Magoti yangu yalikuwa imara kabisa. Nikamwangalia Syombua na yeye alikuwa ameangalia mlango.

Mwezi mzima nimejifunza kumbeba mama yangu wa Agosti. Huyo hayuko. Alikuwa anaisha pale kitandani kijiko kwa kijiko, huku mimi nikishangilia gunia nje ya ukuta wake.

Nilimtoa nje. Nilimkalisha. Alifumba macho jua likampata usoni. Nikaenda nyuma ya jikoni nikajifunika mdomo na kitambaa nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikamletea uji.

Vijiko vinne.

Jumatano, 15 Oktoba

Vijiko sita. Jana saba. Juzi vitatu. Ninachanganya yai na maziwa ndani ya uji bila kumwambia. Anajua. Anameza.

Baba Mutanu amekuja. Nilimkalisha mwaitu nje, yeye akakaa kule kwenye boma la mbuzi, amegeuka upande, ndiyo waweze kusalimiana. Alipaza sauti akamuuliza hali. Mwaitu akajibu kitu, sikushika. Mwaitu alipotaka kurudi ndani, nilimwinua mbele ya mume wangu, yeye akiwa ametupa mgongo. Hakuona. Lakini nadhani alisikia hatua zangu, kwamba hazikuyumba.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua imenyesha siku tatu. Syombua amepanda ndengu zake na amenipandia mistari minne.

Mwaitu amelala sana wiki hii. Asubuhi ninamwamsha na kuna wakati mfupi ninaogopa, halafu anafungua macho. Kila nikimshika ninasubiri pale mwanzo, kabla miguu haijatoka chini, ndiyo nisikie ana uzito gani leo. Zamani niliomba kupungua. Sasa ninaomba kabla ya kumwinua, kimya, nikiwa nimechuchumaa: Mungu, awe mzito kidogo kuliko jana. Hata nishindwe. Nitamwita Syombua.

Leo jua lilitoka saa tatu. Nilimzungushia blanketi kwa ajili ya baridi, nikamshika, nikasimama. Nilisikia kama amezidi kidogo. Labda ni blanketi.