Msifagie, Bado Niko Njiani

Mama yangu,

Leo ndege imepita tena juu ya paa letu hapa Pugu, chini kabisa, mpaka sufuria zikalia. Ndege hizi ulikuwa ukizitazama kwa jicho baya huku unachambua mchele. "Hawa wana haraka ya nini?" Kwako wewe, Mwanza ilikuwa kutwa nzima ndani ya basi: alfajiri stendi ya Mbezi Luis, jua la utosi Dodoma, giza likukute Shinyanga. Hata goti lilipogoma, bado ulinuna tulipokukatia tiketi ya ndege ukamwone Mamdogo huko.

Saa moja na nusu tu hewani. Sikuwa nimemaliza hata kufua, simu ikalia. "Nshafika, mwanangu, lakini mie mwenyewe bado niko njiani. Msifagie."

Nilicheka. Unanijua, nisichokielewa nakichekea. Lakini desturi yako niliijua: mtu akisafiri, alipotoka hapafagiwi mpaka afike, usije ukamfagia na yeye. Tukauweka ufagio nyuma ya mlango, tukangoja useme.

Jioni ile Mamdogo akapiga, analia. Ulijilaza baada ya Alasiri, hukuamka. Nikaja kwa ndege, tukakuzika huko huko, nikarudi kwa ndege.

Alfajiri iliyofuata nikasikia kikohozi chako chumbani, kile cha kusafisha koo kabla ya swala. Na iliyofuata, tena. Kandambili zako tulizozisukuma uvunguni, Zuhura alizikuta katikati ya chumba, zimeelekea mlangoni. Mjukuu wako huyo akachukua ufagio, nami nikamnyang'anya.

"Bibi hajafika," nilimwambia, na niliposikia maneno yangu mwenyewe mwili ukanisisimka. Nilikuogopa, mama. Wewe uliyenibeba mgongoni, nilikuogopa.

Ndege ilikuwa imefikisha mwili tu. Basi nikaitia kanga yako mkobani, nikasimama mlangoni kwako, nikasema, "Twende, mama." Tukaenda Mbezi Luis.

Basi lilijaa, ila kiti cha pembeni yangu hakuna aliyekikalia. Kondakta alipogawa soda, alinipa mbili.

"Hii ya bi mkubwa, sista. Akiamka umpe."

Sikugeuza shingo. Nilizishika zote mbili, na bega langu lilikuwa zito vilevile kama ulipokuwa ukinilalia safari zetu za zamani. Tulipoipita Singida woga ulikuwa umenitoka. Nikawa nakusimulia vya dirishani, mawe, mbuzi, wauza vitunguu, na abiria wa mbele wakawa wananigeukia. Shauri yao.

Tulipoingia Mwanza bega likawa jepesi ghafla. Nikampigia Zuhura, nikamwambia afagie.

Kikohozi hakijasikika tena. Nilidhani nitapumua. Kumbe kimya hiki ndicho kinachonitisha, maana humu ndani sasa hupo kweli, na mimi nakutaka, mama, hata kwa kukuogopa.

Kutoka huko nilirudi kwa ndege, kazi hazingoji. Nilikuwa nimeketi kitandani kwako, sakafu inang'aa, Mamdogo akapiga.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba. Ushafika, mwanangu? Tufagie?"

Nikatazama mikono yangu juu ya magoti. Ilikuwa mikono yangu, lakini sikuwa na hakika nayo.

"Ngojeni kwanza," nikamwambia. "Msifagie."

Pumzika, mama. Na ukihisi mtu amekulalia begani huko, usishtuke. Ni mie.

Mwanao