Ina Ugonjwa Gani?

Jumatatu, 3 Juni
Nimeunda redio tatu zaidi. Mikono inanuka risasi ya kulehemu. Raba ya kuzuia vumbi imekaa vizuri safari hii. Wateja wawili wamesimama mlangoni, wamesikiliza, wamesifu, wameuliza bei. Elfu sitini, haipungui. Wamecheka. Dukani barabarani kuna za elfu kumi na nane zenye taa za disko. Na simu inapiga nyimbo bure, wakasema. Sawa. Kaa na simu yako machungani siku nne bila umeme, uone. Hii nimeiita Mhola, amani kwa Kisukuma, nimeitengenezea mchunga ng'ombe na mchimba dhahabu wa Geita. Vitufe vikubwa. Redio ni jina tu, haishiki stesheni. Unaweka kadi ya nyimbo, betri inadumu, inaimba mpaka wewe uchoke.

Jumatano, 5 Juni
Masanja tena. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Chumba cha karakana ni chake, hela ya vipuri ilitoka kwenye ng'ombe wake aliouza, basi anajiona mkurugenzi. Anataka tushushe bei tulingane na maduka. Vipuri peke yake vinakula elfu thelathini na nane! Tusipouza kwenye mnada wa ng'ombe wa Jumamosi kule Didia, anafungua duka la kava za simu humu humu. Kava! Nimetoka nje nisije nikamrushia bisibisi.

Jumamosi, 8 Juni. Didia
Nina hasira. Masanja alitangulia mnadani. Nimefika nakuta ameandika kwenye boksi kwa mkaa: 60,000, kaikata mstari, chini yake 22,000. Hakuniuliza. Watu wanajaa, wanasikiliza, wanarudisha. Haijatoka hata moja. Mfugaji mmoja mwenye koti la kijani kaigeuza Mhola juu chini, kasikiliza wimbo mzima akitikisa kichwa kwa raha, kaiweka.
"Mayu, mama, ina ugonjwa gani?"
Nimemwambia haina.
"Ng'ombe mzima hashushwi bei kabla sijaomba."
Akaenda zake. Na Masanja kazaliwa zizini! Kakulia kwenye mnada huu huu! Mjinga. Mjinga aliyevaa saa.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani sikusikia kitu. Kinachoniuma ni kwamba mzee yule kanisema na mimi. Ile "haipungui" yangu ni ujinga wa upande wa pili. Mtu amekuja kupatana, mimi namfungia mlango. Atarudi nyumbani ajisifie nini? Nimekasirika upya, na leo hakuna wa kumrushia bisibisi.

Jumanne, 11 Juni
Kava zimefika. Meza yangu imetolewa nje barazani, kwenye vumbi. Masanja amenisalimia. Sijaitikia.

Jumamosi, 15 Juni. Didia
Nimekwenda peke yangu. Boksi halina bei. Koti la kijani karudi. Nimemtajia themanini na tano. Kaitukana Mhola, kamtukana na fundi wake. Kaondoka mara mbili, mimi nimemwita mara moja tu. Tumeishia sitini na mbili. Kaondoka anawatangazia wenzake alivyonikamua, na wenzake wakaja nao wanikamue. Zimeisha zote nilizobeba. Njiani nimelia. Hasira tu, nadhani, ilikuwa haijaisha.

Alhamisi, 20 Juni
Upepo mwingi. Masanja kashinda mlangoni akipangusa vumbi kwenye kava zake. Mchana kaja barazani, kasimama, kauliza Mhola moja ni bei gani. Anataka kumpelekea mkwewe.
Nimemtajia themanini na tano.
Kanitazama. Nimeendelea kulehemu. Mwishowe kavuta stuli, kakaa, kaanza kuomba. Nimemwambia inaweza kushuka, itategemea meza yangu inalala wapi. Kageuka kukiangalia chumba. Tumepatana bei, ya Mhola na ya chumba, mpaka chai ikapoa.