Nyumba Niliyoivuta Hadi Tanangozi

Alhamisi, Julai 1976. Tanangozi, Iringa.

Asubuhi ya mawingu, na ule upepo wa Iringa usiojali kama mtu amevaa sweta. Vidole vimekufa ganzi. Labda ni baridi, labda ni usukani wa siku mbili. Na mimi mwenyewe niko hivyo hivyo. Tangu jana jioni nangoja nisikie uchungu, hauji.

Nimekaa kwenye ngazi ya karavani, uwanjani kwa wakwe zangu. Karavani ni nyumba ya bati yenye magurudumu, inafungwa nyuma ya gari na kuvutwa. Bosi wangu Mzungu, mpimaji wa barabara, alikuwa akilala humo kila tulikopiga kambi. Kazi ilipokwisha Mbeya akaniachia. Alisema miaka sita nimemwendesha bila kumtumbukiza mtaroni, basi hiyo ni asante yake. Ina madirisha mawili, meza ya kukunja, jiko la gesi lisilo na gesi, na kitanda kilichopigiliwa ukutani.

Niandike kwanza kwa nini niliivuta mpaka huku.

Mwezi wa tatu baba yangu aliugua kifua, nikamchukua Tukuyu nimlete Mbeya atibiwe. Tulikuwa na chumba kimoja Mwanjelwa, mimi, mke wangu Yustina na binti yetu Lugano. Sasa kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mumewe. Hawasalimiani uso kwa uso, hapiti pale mzee alipo, na chumba anacholala mzee yeye haingii, hata mzee akishaondoka. Yustina ni Mhehe, hakuzaliwa na mwiko huo. Mama yangu alimfundisha tulipooana, naye akaushika kuliko hata mabinti wa kwetu.

Siku nilipomshusha baba, Yustina alikuwa mlangoni anachambua mchele. Alijifunika kanga kichwani, akaondoka kimya. Akalala kwa jirani siku hiyo na siku iliyofuata. Ya tatu nikamwambia avumilie kidogo, mzee ni mgonjwa, nimlaze wapi? Hakugombana nami. Alifunga mzigo, akamshika mtoto mkono, akasema atakuwa kwao.

"Siku ukipata nyumba ninayoweza kuingia, njoo unichukue."

Mimi nilisikia nyumba tu.

Basi, mwezi wa tano nikapewa karavani. Baba akahamia humo, akakaa wiki tano mpaka kifua kikatulia, akarudi Tukuyu. Chumba cha Mwanjelwa nikamrudishia mwenye nyumba, maana chumba cha kupanga cha nini wakati nina nyumba yangu? Nikaisugua karavani ndani na nje. Nikapaka mlango rangi ya bluu aipendayo Yustina. Halafu nikaazima pikapu ya binamu yangu Gwamaka, ile anayobebea nyanya, injini ndogo kiasi kwamba ukiiwasha jirani anadhani fundi cherehani ameanza kazi.

Gwamaka alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kwa nini nisipande basi nikamlete mke kama watu wengine. Nikamwambia mwanamke aliyeondoka kwa ajili ya nyumba hapelekewi maneno. Aione, aingie, tugeuze nayo pamoja. Nilikuwa na uhakika kabisa, sijui niliutoa wapi.

Jumanne asubuhi nikatoka. Uyole kushuka mpaka Chimala sikuivuta, ndiyo iliyonisukuma. Breki zilinuka. Malori ya Zambia yakinipita, upepo wake unaishika karavani ubavuni, na pikapu inayumba pamoja nayo. Kawaida ningeogopa. Nilitazama tu mbele.

Igawa nilisimamishwa na Msukuma mmoja, Masanja, mfugaji aliyehamia Usangu na ng'ombe zake. Alikuwa na magunia mawili ya mchele wa Rujewa anayapeleka Makambako. Huku kwetu gari halipiti tupu mbele ya mtu mwenye mzigo, ni aibu. Mlango wa karavani uko karibu na mkia, tukayaweka hapo hapo mlangoni, tukaondoka. Hatukumaliza maili mbili. Mkia ulianza kucheza kushoto na kulia, mpaka magurudumu ya nyuma ya pikapu nikayasikia mepesi, kama yanataka kuiacha lami.

Miaka kumi naendesha magari na sijawahi kuvuta nyumba; wakati wa bosi karavani ilivutwa na lori la kambi. Masanja hajawahi kushika usukani, lakini amekua na mkokoteni. Akaniambia nisimame, akasema mzigo ukikaa nyuma unamwinua ng'ombe shingo, uende mbele. Tukayaburuta magunia tukayapandisha juu ya kitanda, ambacho kiko upande wa mbele. Akakipapasa, akakisifu, akauliza ni cha nani. Nikamjibu kwamba baba yangu alikilalia alipoumwa, na sasa ni cha mke wangu.

Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe. Na sikusikia.

Kupanda kwenda Makambako ilikuwa kazi ya nusu siku. Gia ya kwanza, mshale wa joto umelala upande wa hatari, rejeta inachemka. Masanja alishuka, akatembea kando na jiwe mkononi, kila injini ikizidiwa analitia nyuma ya tairi. Tunangoja ipoe, tunaongeza maji, tunasogea kidogo tena. Aliniuliza mke mwenyewe yukoje hata avutiwe nyumba mlimani. Nilitaka kumweleza, nikakuta sina la kusema zaidi ya kwamba ni mchapakazi. Akaguna.

Alishukia Makambako na magunia yake, nami nikalala hapo hapo kwenye pikapu. Jana saa tisa nikaingia Tanangozi.

Watoto wa kijiji kizima walikuja mbio. Mama mkwe alitoka jikoni, akanisalimia kwa Kihehe, kamwene, kwa heshima zote, macho yakiwa kwenye magurudumu. Lugano aliingia, akatoka, akaingia tena, akatangaza kwa wenzake kwamba hii ni yao na ina meza inayokunjwa. Yustina alikuwa shambani. Alipofika na jembe begani alisimama njiani, akaangalia mlango wa bluu, akacheka. Cheko lake la zamani. Akaweka jembe chini, akaomba maji kwenye kata, akanawa miguu yote miwili ili asiichafue nyumba.

Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi aliponiuliza kama baba alipona.

Nikasema alipona vizuri.

"Alikuwa analala wapi mpaka akapona?"

Ningeweza kudanganya. Hapa Tanangozi hakuna anayejua. Ndipo hapo nilipoelewa, nimesimama mbele yake na funguo mkononi. Njia yote kutoka Mbeya, milima yote ile, haikunijia hata mara moja.

"Humu," nikasema.

Akautoa mguu kwenye ngazi. Ulikuwa bado una maji. Akachungulia ndani kwa mbali, akakiona kitanda, akakiona kimepigiliwa, hakitoki. Hakupandisha sauti.

"Baba Lugano, miaka saba kila tukienda Tukuyu nazunguka migombani na ndoo ya maji kichwani, nisipite mbele ya mzee. Ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Ukadhani nafanya nini?"

Nadhani nilidhani ni njia yake tu. Kwangu baba ni baba, naingia chumbani kwake hata akiwa kitandani. Sijawahi kuinama nyuma ya mgomba kwa ajili ya mtu. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikifunga kwenye pikapu nikamletea.

Yustina alichukua jembe lake akaingia jikoni kwa mama yake.

Baba mkwe alikuja baadaye, akaizunguka karavani akigonga bati kwa fimbo. Hakunikemea. Alisema mke hafuatwi na gari, anafuatwa na watu. Nirudi kwetu, nije na mshenga aliyetuoanisha na mzee mmoja wa kusema naye. Nikamuuliza kama Yustina atakubali. Akasema hilo ni la Yustina.

Chakula niliandaliwa vizuri sana, kama mgeni. Hilo ndilo lililonitisha kidogo.

Leo asubuhi nimeifungua karavani kwenye ndoano, nimeiwekea mawe chini. Baba mkwe anasema inafaa kuhifadhia mahindi, nimemwambia aitumie. Yustina amepita kwenda kisimani, amenisalimia, ameniuliza nimelalaje. Nimemwambia nimelala kwenye pikapu. Ametikisa kichwa akaenda. Sijui kama amenihurumia au amenichoka.

Sasa nawasha gari. Sitasimama Mbeya, nitapitiliza moja kwa moja Tukuyu. Kabla ya kumtafuta mshenga nitachukua ndoo, niijaze mtoni, nipite ile njia ya kuzunguka migombani mpaka jikoni kwa mama. Miaka yote hii nimekaa pale kibarazani nangoja chai, na sijui hata njia hiyo ina urefu gani.