Mkeka wa Mbegani

Zinga,
16 Septemba 2024

Kaka yangu Kibwana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe, wifi na watoto. Sisi hapa hatujambo, ila goti la mama bado linamsumbua. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ungeikata katikati.

Bwanausi unamjua, msanii uliyemleta nyumbani wewe mwenyewe. Ule mkeka wake mkubwa kama uwanja wa mpira umesimamishwa ufukweni Mbegani, na watu wanatoka mbali kuja kuutazama. Mama na wanawake wenzake wa hapa Zinga waliusuka miezi minane, na nakshi zote zilitoka kichwani mwa mama. Siku ya uzinduzi kibao kilikuwa na jina moja tu, la Bwanausi. Mama alipouliza lake, akaambiwa alitia dole gumba kukubali hivyo, kisha akatumwa kuwagawia wageni madafu. Tangu siku ile hakugusa tena ukindu. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, maana Bwanausi ndiye aliyeniajiri nitengeneze filamu ya kazi hiyo. Roho iliniuma, nikaapa kwamba atanikoma.

Sikugombana naye. Nilimchekea. Aliponitaka nimpige picha akisuka, nikamkubalia. Akaushika ukili, ule utepe wa mkeka, upande wa ndani ukiwa nje, akasuka hivyo hivyo huku akieleza kwa madaha jinsi alivyobuni kila mstari. Nikamsifu, nikamwomba arudie, akarudia.

Juzi Jumamosi alasiri filamu ilionyeshwa ukumbini Bagamoyo. Akina mama wa Zinga niliwakalisha mbele kabisa, pamoja na wakubwa. Bwanausi alipoanza kusuka, Bi Shufaa aliangua kicheko, akauliza kama huyo anasuka au anafunga kuni. Ukumbi mzima ukacheka. Na kila aliposema yeye ndiye mbunifu, nilikuwa nimeweka mikono ya mama ikisuka nakshi ile ile. Alitoka kabla filamu haijaisha. Nilifurahi, kaka, sikufichi.

Sasa lako. Siku ile ya dole gumba, Bwanausi alikuwa bado na kinasa sauti changu kifuani. Niligundua wakati nahariri. Anasikika mtu akimwambia mama asihangaike kusomewa, hiyo ni karatasi ya mahudhurio tu. Mama alipotoka, mtu huyo akamhakikishia Bwanausi, huku akicheka, kwamba mama hatajua kamwe. Sauti ni yako. Nilikaa nayo wiki tatu, na kuiondoa ni kazi ya dakika moja. Sikuiondoa.

Mama aliisikia pamoja na watu wote. Hakulia. Aliniuliza kama ni wewe, nikamjibu ndiyo.

Jana aliagiza ukindu, ameanza kusuka tena. Wape salamu zangu wifi na watoto. Mama naye anakusalimu. Anasema ukija usipitie uani kama zamani. Ubishe hodi mlango wa mbele, naye atakutandikia mkeka wa wageni.

Mdogo wako,
Hajra