Kuku wa Siku ya Kazi

Baba,

Nimeapa kwa kaburi lako, na kiapo kilikuwa cha uongo. Naanza hapo kwa sababu hukupenda mtu atangulize maelezo. Nilipovunja kioo cha saa yako ulinikatiza ukasema: taja kosa kwanza, sababu itakuja nyuma. Basi kosa ndilo hilo. Sababu yake ni kuku.

Tangu ulipotuacha, mwaka uleule wa uhuru, mji huu umebadilisha wakubwa mara mbili. Wabelgiji wako walikimbia, wakaacha hata mapazia. Wakaja watu wetu wenye suti, wakaingia nyumba zilezile, wakalalamika kwamba mapazia yamefifia. Sasa wametufikia wapiganaji, manyoya kichwani na chale za dawa usoni, nao wamelala katika vitanda vilevile. Wote, Baba, wakishavua viatu huuliza jambo moja: nani alikuwa mpishi wa hapa? Sijamsikia mkubwa hata mmoja akianza kwa kuuliza kwa nini bomba la maji la mtaa wetu wa Songo limekauka.

Mimi bado ni karani ofisini. Nimebaki peke yangu. Makarani wawili wa posta walichukuliwa wiki ya kwanza, mmoja kwa sababu ya miwani, mwingine kwa sababu ya tai, wakapelekwa upande wa mto Ruzizi, wasirudi. Mimi tai yangu nimeizika chini ya banda la kuku, kalamu naificha ndani ya soksi. Mkubwa wangu ni mpiganaji mmoja mwenye cheo cha Majoro, ambaye kabla ya vita alikuwa akiuza mafuta ya taa kwa chupa huko Sange. Hajui kusoma. Nikimpelekea karatasi huishika muda mrefu, hutikisa kichwa, hukunja uso kwenye mstari ambao hauna kitu, nami nasimama mbele yake nikiufikiria mto.

Jumatano moja alisema amechoka na ndagala. Kila siku samaki wadogo, kila siku samaki wadogo, kana kwamba mapinduzi yamefanywa na bata. Mzee anayekata majani pale kwenye nyumba kubwa alikuwa amemsimulia kwamba zamani, mezani pale, Wazungu walikula kuku aliyevaa nguo. Majoro alitaka kumla huyo kabla ya kupanda kwenda vitani Kamanyola. Kuku wa utawala, alimwita. Akaninyooshea kidole. "Weye ni mtoto wa mpishi. Utapika, na miye nitakula leo."

Nilikaribia kucheka, na kwa mtu mwoga kama mimi hilo si jambo dogo. Kuku wa utawala! Wewe na mimi tunajua asili yake. Jumapili ulikuwa ukiwapikia kwa sufuria nne na saa tano za jasho. Lakini katikati ya juma ulitaka kuwahi nyumbani kabla ya giza, na kwa hiyo ulibuni chakula cha chombo kimoja: viazi na vitunguu chini, mapaja ya kuku juu yake yamevikwa yai na unga wa mkate mkavu, makaa chini ya kikaango, makaa juu ya kifuniko, basi. Chombo kimoja cha kuosha. Madamu alikionjesha wageni wake na kusema ni chakula cha kwao, cha bibi yake. Hukumsahihisha. Ulikuja nyumbani ukavua viatu, ukasema kwamba bibi wa Madamu lazima naye alikuwa amechoka sana.

Huyo ndiye kuku waliyemfanya kuwa kiti cha enzi. Chakula cha mtu aliyetaka kwenda kulala.

Lakini kulikuwa na sheria, na sheria yenyewe haichekeshi. Mpiganaji aliyechanjwa hali chakula kilichoguswa na mkono wa mwanamke. Haguswi na mwanamke, hapiti karibu naye njiani. Akivunja mwiko, dawa inakufa, na risasi ambayo ingegeuka maji inabaki risasi. Anayemlisha mpiganaji chakula cha namna hiyo amemuua, na hulipwa kama muuaji. Majoro alinieleza haya polepole, kama anavyosemeshwa mtoto mzito wa kuelewa. Kisha akanipa kuku mmoja, na mlinzi mwenye mkuki wa kunichunga.

Niliomba kupikia nyumbani, kwa sababu kikaango chako kiko kwetu. Alikubali. Hapo, Baba, nikagundua akili ya sheria yao. Mlinzi alipofika kwenye kona ya uzio na kumwona Mama akianika nguo, alisimama kama amekanyaga nyoka. Hakuweza kuingia. Uani kuna mwanamke! Akaketi ng'ambo ya barabara, amegeuza uso ukutani, akilinda dawa yake. Kwa hiyo mtu aliyetumwa kuhakikisha kwamba mwanamke hapiki, alikatazwa kutazama na sheria ileile.

Ningekuwa na akili ningefurahi. Lakini nilikuwa nimetia nia ya kupika mwenyewe kwa uaminifu kabisa, kwa hofu kabisa. Na sikujua. Unakumbuka ulivyoniita jikoni, mwaka wangu wa pili kwa Mapadri, uliposema njoo uone, hili litakufaa siku moja? Nilikuwa na kitabu cha Kilatini mkononi. Nikakujibu kwamba sikusoma ili ninuke vitunguu. Hukunipiga. Uliendelea kukata, kisu hakikusita hata mara moja, nami nikaondoka nikijiona mtu mkubwa.

Basi mtu mkubwa alisimama mbele ya jiko. Mkate haupo mjini tangu mwoka mikate alipovuka mpaka, kwa hiyo nilichukua unga wa muhogo, nikamkata kuku vipande, nikampaka akiwa bado amelowa maji, nikamtia katika mafuta. Nguo ilimvuka palepale. Ilielea kwenye mawese kama matope, na kuku akabaki uchi, mweupe, ananitazama. Nilijaribu tena, ikawa hivyohivyo. Kuku alikuwa mmoja na jua lilikuwa linateremka. Nilianza kukwangua unga ulioganda kikaangoni kwa kijiko, kwaru kwaru kwaru, na Mama akasikia.

Nilimwambia asiingie. Nilimweleza sheria yote, na malipo yake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisogeza kwa kiwiko.

"Toka hapo. Kuku anafutwa kwanza, akauke. Baba yako alimfuta kama mtoto ametoka ziwani."

Alikaanga mchele wa Sange bila mafuta mpaka ukawa rangi ya shaba, akautwanga nusunusu, usiwe unga, uwe kama mchanga. Akafuta kila kipande kwa kitambaa. Chumvi, pilipili, ndimu. Akamwagia unga kidogo, akampitisha kwenye yai, akambonyeza kwenye mchele kwa kiganja, kiganja chote, Baba, vidole vitano vya mwanamke. Viazi na vitunguu vikaenda chini, kuku juu, makaa chini na juu. Mwishoni aliondoa kifuniko ili ngozi isilegee. Alipomaliza alinawa, akarudi kwenye nguo zake. Harufu ilikuwa yako. Nilisimama pale nikiichukia, kwa sababu ilinifanya nitake kulia na sikuwa na nafasi ya kulia.

Majoro alifungua kikaango mezani, akamgonga kuku kwa ukucha, akasikia ganda linavyolia. Akaniuliza kama mwanamke amemshika. Nikasema hapana. Akasema niape. Na mimi, msomi, mwenye Kilatini, nikatafuta haraka kitu kizito cha kuapia ambacho hakiwezi kudhurika, nikakupata wewe. Nilisema kwa kaburi la baba yangu, mikono hii tu ndiyo iliyogusa. Niliinyoosha aione. Alikula mapaja yote mawili, akalamba vidole, akasema sasa ameelewa kwa nini Wabelgiji hawakutaka kuondoka.

Siku nne hazikupita, akarudi kutoka Kamanyola bila kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mji mzima uliambiwa kwamba mlango wa gari ulimbana. Risasi, tulihakikishiwa, zote ziligeuka maji. Watu waliitikia kwa adabu. Tumekuwa hodari sana wa kuitikia kwa adabu.

Jana asubuhi aliniita, akafunga mlango wa ofisi mwenyewe.

"Karani, apa tena."

Nilifungua mdomo nikutaje. Akainua ule mkono wenye kitambaa.

"Hapana, si kaburi. Mufu haana kazi, hawezi kufa tena. Apa kwa mama yako mwenye iko hai."

Sikuweza. Nilijaribu, Baba. Nilimfikiria Mama na kile kiganja chake kwenye mchele, na kiapo hakikutoka. Majoro alinitazama kama anavyotazama karatasi, ila safari hii alikuwa anasoma kweli.

Halafu akacheka, kidogo, puani. Akasema kwamba Alhamisi ile, kesho yake baada ya kuku wangu, msafara ulisimama Sange, naye akachepuka kwa mlango wa nyuma nyumbani kwao. Mama yake alikuwa ameshasonga. Alimkatia bugali kwa mkono wake, akampa mkononi. "Mama yako anakupatia bugali, utasema nini? Utasema dawa inakataza?" Alikuwa anautazama mkono wake, mahali kidole kilipokuwa, na kwa muda mfupi hakuwa Majoro. Alikuwa kijana wa Sange anayeogopa, kama mimi. Kwa muda huo sikumdharau. Nakuambia kwa sababu sijui niuweke wapi.

Muda ulipita. Akajifuta uso, akagundua alichokisema, na kwa nani. Akavuta kiti. Akasema kwa sauti ya ofisi kwamba baada ya siku tatu nitapanda naye Kamanyola, vita vinahitaji karani wa kuandika ripoti.

Hakuna ripoti inayoandikwa kule. Nani angeisoma? Kule kuna risasi, na hakuna anayeiuliza risasi imetoka upande gani. Mtu aliyebeba siri ya Majoro kichwani atarudishwa bila kichwa, na Mama atabaki Songo peke yake na jina la mwanamke aliyeua dawa.

Kwa hiyo tunaondoka kesho asubuhi, wakati wanawake wanapovuka na vikapu. Mama mdogo anatungoja Gatumba, ng'ambo ya mpaka. Karatasi ya njia nimeipiga mwenyewe kwa mashine leo mchana, Majoro akiwa amelala: mwenye karatasi hii anampeleka mama yake mgonjwa kwa daktari, apewe njia. Nimegonga muhuri mara mbili. Vijana wa kizuizi cha Kavimvira huishika juu chini, lakini muhuri ni wa mviringo, hauna juu wala chini. Nimekwishawadharau wengi katika barua hii, niruhusu niwadharau na hao. Hata hivyo usiku huu najua kwamba mmoja wao akiamua tu kunikunjia uso, nitaanguka. Mama amesema tukifika pale nifunge mdomo, yeye ndiye mgonjwa, yeye ndiye atakayeongea. Amefanya mazoezi ya kukohoa. Anakohoa vizuri kuliko ninavyoandika.

Mtu ninayemdharau zaidi ni yule aliyetaka kujificha nyuma ya baba yake aliyekufa. Ulibeba masinia ya watu wale miaka yote, kisha nikakupa na huu mzigo wangu uubebe ukiwa chini ya ardhi.

Basi nakuvua mzigo huo. Haikuwa mikono yangu. Ilikuwa mikono ya Mama, na mimi nilisimama pembeni nikishika kitambaa. Nimelisema, na nimeliandika kwa kalamu iliyotoka katika soksi.

Majani ya kaburi lako nimeyang'oa leo, na barua hii naiacha chini ya jiwe, upande wa miguu. Hatujui ni lini tutaweza kuja tena. Pumzika, Baba. Usitungoje kwa wasiwasi, Mama anajua njia.

Kwako ninaahidi jambo moja. Kuanzia kesho, popote nitakapotakiwa kuapa, hata kama ni pale kizuizini, nitaapa kwa jina langu mwenyewe. Halina uzito bado. Litaupata huko mbele, au litanipoteza, lakini litakuwa langu.

Mwanao,
Bonifasi