Ramadhani Niliyokunyima Kidonge

Zuhura mwanangu,

Salaam za mama yako wa Mumias zikufikie huko Kakamega mjini, kama bado unazitaka. Karibu mwaka sasa umenifungia simu. Nikipiga haiingii. Lakini kwenye kundi la familia hujatoka, nimeangalia, jina lako bado liko pale chini ya la shangazi yako, Senge Rehema. Basi nakuandikia humu humu, mbele ya mashangazi, wajomba na binamu zako wote. Wasome. Wao ndio niliowadanganya.

Wiki ijayo Ramadhani inaingia, na mimi ninaogopa. Naogopa kwamba mahali ulipo utaikumbuka sauti yangu, utaacha dawa tena, na safari hii hutakuwa na nguvu ya kutoka. Siombi urudi kunipikia. Naomba kujua unameza.

Unakumbuka ulivyokuwa unanitungia uzi? Macho yangu yalipoanza kunisaliti, wewe ndiye ulikuwa unakaa kando ya cherehani, unatunga sindano za pindo kumi kumi unazichomeka kwenye mto, ili nishone sare za shule siku nzima bila kukuita. Ulikuwa unanichekanga pindo likienda upande. "Mama, huyu mtoto atatembea kama kaa!" Nilikuwa nakurushia kipande cha kitambaa, nawe unakidaka unajifunga kichwani.

Kisha ukapata kazi ya ualimu Matete, na likizo ya pili ukarudi mtu mwingine. Ulilala mpaka adhuhuri. Ingokho nilikupikia, kuku wa kienyeji unayempenda, ukamtazama tu mpaka mchuzi ukagandana. Mimi na mdomo wangu huu nikakuuliza, "Uvivu huu umeutoa wapi, Zuhura?" Ulienda mwenyewe kliniki, ukarudi na pakiti na barua ya kupumzika kazini, ukaniambia waziwazi jinsi mtu anavyosema ana homa: "Mama, daktari amesema ni depresheni, ugonjwa wa huzuni. Hii inaitwa sertralini. Nitakuwa namezanga moja kila asubuhi. Inachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kitu, usinichoke."

Na ilionyesha! Hilo ndilo linalonikaba hadi leo. Kama ingekuwa sikuona, ningekuwa na la kujitetea. Lakini niliona. Wiki ya tano au ya sita hivi ulikuja ukakaa kando ya cherehani bila kuitwa, ukachukua uzi. Ukanicheka pindo. Niliingia chumbani nikalia kwa furaha, sikukwambia.

Halafu Senge Rehema akapiga simu. Kuna watu wa Matungu, familia ya heshima, wamemwona binti yetu, wanataka kuja na posa siku ya pili ya Idi. Akaniambia, "Mama Zuhura, wale wanaulizanga sana. Watataka kujua kama kwenu kuna ugonjwa wa kichwa." Unajua desturi zetu, kabla ya mahari kutajwa watu huchimba ukoo wa mwenzao mpaka mizizi. Nilikata simu nikaitazama ile pakiti yako juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo mgeni yeyote angeiona. Mwezi ulikuwa umeandama siku hiyo.

Nikakuita. Nikakwambia, "Mwanangu, dawa na saumu haviendi pamoja. Umeshapona. Iache mpaka Idi." Ukasema, "Mama, daktari alisema nisiache ghafla." Nikasema, "Daktari ndiye anafunga au ni wewe?" Ukanipa pakiti mkononi mwangu. Hukubishana, ulikuwa unaniamini. Niliitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na zipu.

Sasa sikilizeni nyote. Saumu ilikuwa kisingizio. Hata mtoto wa madrasa anajua mgonjwa ana ruhusa ya kula. Hata mimi najua kwamba kidonge kimoja kwa siku kingeweza kumezwa wakati wa daku. Sikumuuliza sheikh, sikumuuliza daktari, kwa sababu sikutaka kuambiwa inawezekana. Nilitaka pakiti iondoke machoni pa watu wa Matungu. Astaghfirullah. Mungu nilimfanya pazia.

Haikupita wiki ukaanza kizunguzungu. "Mama, kichwa kinanipiga shoti, kama nimeshika waya." Nikasema ni njaa. Ukawa unalia kwenye futari, machozi yanaingia kwenye uji, nikasema ni uchovu wa mfungo. Kufikia kumi la mwisho ulikuwa umerudi kulekule kwenye kitanda, uso kwa ukuta, nami nahesabu siku za Idi badala ya kukutazama wewe.

Siku ya pili ya Idi. Pilau iko jikoni, jamvi limetandikwa, gari limesimama nje. Nikaja chumbani na dera lako jipya nililolishona mwenyewe. Ulikuwa umekaa chini. Ukaniambia polepole sana, "Mama, nimechoka kuishi."

Nami nikakujibu: "Nyamaza, wageni wako mlangoni."

Maneno hayo nimeyaandika jinsi nilivyoyasema. Sitayapunguza.

Niliporudi kukuchukua, chumba kilikuwa kitupu, mlango wa jikoni uko wazi, ndala zako hazipo. Na mimi nikafanya nini? Nikapakua pilau! Nikaenda sebuleni na sinia, nikacheka, nikasema, "Zuhura malaria imemlaza, mtamsamehe." Mama mmoja wao akauliza lile swali, kama kwetu kuna ugonjwa wa kichwa. Nikasema, "Hakuna hata mmoja." Wakati huo masikio yangu yalikuwa nje. Mbwa akibweka, nageukia dirisha. Mtu akiita barabarani, nakaribia kumwaga sharubati. Sikujua kama una uhai, mwanangu, na bado nikawauliza kama niwaongeze nyama.

Walipoondoka nilikimbia kwenye mashamba ya miwa bila viatu nikikuita. Senge alinifuata na simu mkononi. Ulikuwa umemwandikia yeye: "Niko hospitali Kakamega. Nimejileta. Mama asije."

Ulijileta. Ukiwa katika hali ile, ulijifunga leso, ukasimamisha boda, ukaenda kuwaambia watu usiowajua kile ambacho mama yako alikataa kukisikia. Nakuheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema.

Sasa nina neno la mwisho la kuungama, na hili hata Senge halijui. Mnajua sukari inaniunguza miguu, na mnajua nina kile kidonge changu cha jioni ninachokiita dawa ya miguu. Ramadhani ile yote nilikuwa nakimeza kila siku baada ya futari, wewe ukinitazama. Miezi minne iliyopita nilimlalamikia yule mama wa dawa kliniki kwamba kinanikausha mdomo. Akasema, "Ni kawaida ya amitriptilini, mama. Hizi ni za zamani katika dawa za huzuni."

Nikamrukia. "Mimi si mwendawazimu!"

"Nani amekwambia ni za wendawazimu?" Alicheka kidogo, akanivutia kiti. Akanieleza kwamba dawa hizi ni jamii kadhaa. Ya kwangu kwa kipimo kidogo inatuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, na kwa kipimo kikubwa hutibu huzuni. Ya kwako ni ya jamii mpya zaidi, inatibu depresheni, inatibu pia hofu inayomshika mtu ghafla mpaka anadhani anakufa, na yale mawazo yanayojirudia hadi mtu ananawa mikono ngozi inatoka. Hakuna iliyo ya aibu kuliko nyingine, na hakuna ya kuachwa ghafla. Nikamuuliza kuhusu shoti za kichwa. Akasema, "Huyo aliachishwa haraka. Alikuwa nani?"

Nikasema, "Binti yangu."

Yaani nyumba moja, meza moja, mwezi mmoja mtukufu, mama anameza na mtoto ananyimwa! Kwa sababu ya kwangu niliiita ya miguu.

Watu wa Matungu nimewapigia jana. Nimewaambia ukweli wote. Waliyosema wameyasema, siyarudii hapa. Na ninyi wa kundi hili, Zuhura hakuwa na malaria. Mwenye swali aniulize mimi, asimsumbue yeye.

Zuhura, nimemuuliza sheikh, nimemuuliza na yule mama wa dawa. Kama daktari wako anakuruhusu kufunga, umeze wakati wa daku au futari, vile atakavyokupangia. Kama amekukataza, basi kula mchana kweupe, na kama utakuja kwangu nitakupikia obusuma, ugali wetu, mwenyewe na kukaa mlangoni mpaka umalize. Pakiti yako ya zamani haimo tena kwenye droo. Kidonge changu ndicho kiko juu ya kabati la vyombo sasa, mahali pale pale, na nikiulizwa ninakitaja kwa jina lake.

Si lazima unipigie. Si lazima unisamehe kabla ya Ramadhani wala baada yake. Andika tu neno moja humu, mbele yao wote, nilale. Ngoja nianze mimi.

Nimemeza.

Mama yako