Gozi Zilizoanikwa Kivulini

Jumatatu, 17 Februari 1975

Kufua bendeji tangu tulipotoka misa. Beseni moja la wodi nzima ya wanaume, na beseni la pili la Deo peke yake, maana maji yake hayachanganywi na ya wengine. Yalitoka ya kijani, mazito. Deo ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, na bado nilishika pua. Mungu anisamehe.

Jembe lilimkata juu ya kifundo cha mguu akipiga matuta kwenye shamba la kijiji. Akabandika majani, akafunga kitambaa, akaendelea kulima. Ndio kwanza wamehamia kijiji kipya, nyumba haijaezekwa, hakutaka aitwe mvivu. Walipomleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, kidonda kilikuwa kimeshaoza.

Nashukuru kaletwa hapa ninapofanya kazi. Angelala mahali pasipo na mtu wake.

Jumatano, 19 Februari

Leo nimemshika Deo mabega wakati wa kumfunga kidonda. Gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, ilikuwa imekauka na kushikamana na nyama. Kuibandua ni sawa na kumchuna. Aliuma shuka. Chini yake nyama nyeusi ile ile.

Sista Blandina, mkuu wa wodi, aliniita pembeni. Daktari anakwenda Namanyere kuzungukia zahanati. Sindano zitaendelea. Akirudi, tarehe kumi Machi, akikuta nyama iliyokufa bado ipo, mguu utakatwa chini ya goti.

Nimeshindwa kula. Mfipa asiye na mguu atapigaje ntumba, matuta yetu? Kufukia majani ardhini na kuinua tuta kunataka miguu miwili. Mke wake, Skola, ana mimba kubwa.

Jumamosi, 22 Februari

Sista amekumbuka jambo. Zamani alifanya kazi kule chini ziwani, Kasanga. Waliweka papai bichi kwenye vidonda vilivyooza. Anasema ndani ya utomvu mna protini inayokula nyama iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Mimi nilidhani protini ni maharage tu.

Lakini huku juu hakuna mpapai. Baridi inaua.

Nikaenda dukani kwa Mzee Hamisi, ambaye lori lake hushuka Kasanga kuchukua dagaa. Nilimwamkia, nikaeleza mpaka nikalia mbele ya wateja. Akasema ataleta. Kisha akanitania kuhusu Kwaresima: "Mama Anjela, nyie mnafunga huku mmekunywa uji. Huko si kufunga, ni kupunguza." Nilicheka na machozi yangu usoni. Mungu ambariki mzee yule.

Jumatano, 26 Februari

Mapapai yamefika jana, mabichi, magumu kama mawe. Tumeyaponda na kuyaweka kidondoni. Yanateleza. Shuka lote limelowa, Deo anatetemeka kwa baridi. Ila leo ukingo wa ile nyama nyeusi umelainika kidogo, nimeona kwa macho yangu. Nimesali rozari nzima ya kushukuru nikiwa napiga deki.

Ijumaa, 28 Februari

Mapapai mengine yameanza kuiva, na yakiiva hayafai. Sista akasema tuuhamishie utomvu kwenye gozi. Tukachanja maganda, tukakinga ule utomvu mweupe, tukaloweka gozi humo, tukazianika kwenye kamba ndani ya stoo, kivulini. Pamba inaushika. Zikikauka zinakaa siku nyingi. Siku ya kutumia unailowesha tu kwa maji safi yaliyopoa, unaweka.

Tumejaribu moja. Haikuteleza, na ilipotolewa haikuchuna. Deo akaniuliza kama nimeshamaliza. Nilikuwa nimemaliza.

Nimelala kwa amani leo mchana, kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Barabara ya kushuka Kasanga imekatika, lori halipiti. Sista amelazwa na malaria. Kaniachia ufunguo wa stoo na kazi yote ya Deo.

Nashukuru gozi zipo. Nilizitoa kwenye kamba, nikaziona za rangi ya kahawia, zinanata, na nzi mmoja katua. Nikazichemsha zote kwenye sufuria kubwa, vizuri, kama nilivyofundishwa. Zimetoka nyeupe. Nimezikunja na kuzipanga kwenye kopo safi. Sista atafurahi.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna kinachobadilika. Ule weusi umesimama pale pale. Leo gozi imeshika tena, imetoka na damu.

Deo kaniambia, "Dada, mwambie Daktari akate tu, nimechoka." Nikamkaripia kama mtoto. Kisha nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji.

Nimekasirika. Nimemkasirikia Mungu pia, naandika ukweli. Kwa nini uonyeshe njia halafu uifunge?

Ijumaa, 7 Machi

Sista ametoka kitandani, bado kakonda. Akaiona gozi, akainusa. Akaniuliza mbona nyeupe. Nikamwambia kwa kujisifu kabisa kwamba nimezichemsha.

Alikaa kwenye kiti. Akaenda stoo, akakuta gozi moja ya kahawia imesahaulika kwenye kamba, nyuma ya mablanketi. Akaagiza kipande cha nyama ya ng'ombe jikoni, akakikata mara mbili. Kipande kimoja akakifunga kwa gozi yangu nyeupe, cha pili kwa ile ya kahawia. Sahani ikafunikwa.

Ijumaa ya Kwaresima, nyama mbele yangu, na siyo ya kula.

Jumamosi, 8 Machi

Nyama ya gozi yangu bado ngumu kama ilivyotoka buchani. Ile nyingine imekuwa rojo juu, unaichota kwa kijiko.

Sista akanieleza. Ile protini ni kama ute wa yai. Ukishauchemsha umeganda, haurudi tena kuwa ute. Nilichemsha dawa yote ya mdogo wangu, ya juma zima, kwa mikono yangu.

Nilipiga magoti pale pale. Akaninyanyua. "Nani alikufundisha kuchemsha kila kitu?" Nikasema, wewe, Sista. "Basi tuko wawili." Akanipa chai yenye sukari, na sukari siku hizi haipatikani. Sijui niandike nini kuhusu mwanamke huyu.

Lakini papai hakuna, na Daktari anarudi keshokutwa.

Jumapili, 9 Machi

Nilikuwa natoka misa. Mzee Hamisi kasimama langoni pa hospitali, tope mpaka kiunoni, gunia miguuni. Lori lake limezama kule kwenye mteremko. Kamwachia taniboi wake alilinde, yeye kapanda kwa miguu mpaka akapata trekta ya kijiji, kisha basi. Hakujua kuhusu kuchemsha kwangu. Alikuwa ameahidi tu. Nilipotaka kumshika mkono akaurudisha. "Mama, nina tope. Yapokee kwanza mapapai."

Wapo watu. Wapo.

Tumekinga utomvu mchana kutwa, mimi na Sista. Gozi nimezianika kivulini. Sufuria nimelificha.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari hakurudi. Barabara ya Namanyere nayo imekatika. Mvua ile ile niliyoilalamikia.

Nimetubu hasira yangu ya Alhamisi.

Ijumaa, 14 Machi

Vipande vyeusi vinatoka na gozi, vyenyewe, bila kuvutwa. Chini pekundu. Sista anasema hiyo ndiyo rangi tunayoitaka.

Mwenyekiti wa kijiji kaja na watu wawili. Wamemaliza matuta ya Deo na kuezeka nyumba yake. Wamemletea ugali wa ulezi na maharage. Deo aligeukia ukutani ili wasimwone uso.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari karudi. Aliangalia, akabonyeza, akamwambia Deo achezeshe vidole. Vikacheza vyote. Akauliza tumeweka nini. Sista akanisukuma mbele nieleze mimi. Nikaeleza yote, na ya sufuria. Akacheka, kisha akaandika.

"Mguu huu tunauacha."



Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Deo kaja kanisani kwa fimbo, kaegemea nguzo misa nzima. Nyama leo, halali kabisa. Nimempelekea Mzee Hamisi sahani ya maandazi. Akauliza kama nimeshamaliza kupunguza.

Jumanne, 8 Aprili

Deo ameondoka asubuhi kwa mkokoteni. Skola kajifungua salama juzi, mtoto wa kike. Wamempa jina la Blandina.

Kulikuwa na bendeji zake mbili za mwisho. Nimezifua peke yake, kwa mazoea. Maji yalitoka kama yalivyoingia. Niliyatazama kidogo, kisha nikayamwagia vitunguu vya Sista.

Bendeji nimezichemsha. Hizo zinachemshwa.